Maiti Wangu Alipopata Usteringi

Mara ya kwanza nilipomwona, alikufa kabla sijaketi vizuri. Ilikuwa miezi michache baada ya Mapinduzi, majumba ya sinema yameshafunguliwa tena, na mimi ndiyo kwanza nimepata kazi ya kubeba mikebe. Alianguka kutoka juu ya paa la hoteli ya mbao huko kwao Marekani, akajikunja hewani mara tatu (wenzangu wanasema mara moja, lakini wenzangu hawakuwa wakitazama kwa makini), akatua juu ya pipa la maji, basi. Hakuwa na jina wala neno la kusema. Farasi wake alionekana zaidi kuliko yeye. Nilichomkumbukia ni sikio. Sikio lake la kushoto lilikuwa na pengo kwa juu, kama sambusa iliyong'atwa na mtu kisha akaghairi.

Wiki mbili baadaye, katika sinema nyingine kabisa, nikaliona sikio lile chini ya kofia ya askari. Nikamwambia jirani yangu kitini, "Yule atakufa sasa hivi." Hajanijibu, mshale ukamwingia mtu wangu kifuani. Jirani akasogea kiti cha pili. Nadhani aliniogopa.

Kazi yangu n'kueleze, maana bila ya hiyo hutafahamu namna nilivyoponea chupuchupu. Sinema ililetwa kwa meli kutoka Dar es Salaam, nakala moja tu, imekatwa mikanda minane, kila mkanda na mkebe wake wa bati. Majumba makubwa mjini yalikuwa mawili na yote yalitaka kuonyesha siku hiyohiyo. Basi jumba la kwanza huanza saa tisa alasiri, la pili saa tisa na nusu, na kila mkanda ukimalizika kule mimi huufunga juu ya karia ya baiskeli na kuukimbiza huku. Mikanda minane, safari nane, na ukichelewa dakika mbili watu wanang'oa viti. Nilikuwa na mwendo mimi. Nilipita Darajani paka wakabaki na masharubu yamelalia upande mmoja. Kengele sikuwa nayo. Watu waliusikia mkebe ukigongagonga nyuma yangu, wakajibana ukutani.

Kwa kazi hiyo kila sinema niliiona vipandevipande, mkanda wa tatu huku, wa tano kule, lakini kifo cha mtu wangu sikukikosa hata kimoja. Mwanzo alikufa katika mkanda wa kwanza. Mwaka uliofuata akawa anafika mpaka wa pili. Kisha wakampa farasi mzuri, akafa katika wa nne, na safari hiyo alikufa polepole, ameshika ukuta, hata wanawake wa viti vya juu wakasema masikini. Nilikuwa nakwenda kuwahadithia wanywa kahawa barazani kwetu Mkunazini, nao wakamwita maiti wangu.

"Maiti wako leo kafa saa ngapi?"

"Saa kumi na robo, yakhe. Anasonga mbele."

"Na wewe je? Unasonga au unabeba mabati tu?"

Nilikuwa nasonga. Nilijiandikisha shule ya jioni baada ya maghrib, Kiingereza na hesabu, na wengine pale walitaka ukarani, wengine walitaka kwenda Ulaya. Mimi nilitaka kujua maiti wangu anasema nini kabla ya kufa. Maana katika mwaka wa tatu alipewa maneno. Yalikuwa maneno machache, akiwa ameshika taa, na ilinichukua wiki nzima na kamusi ya mwalimu kuyapata: alikuwa anauliza nani ameufunga mlango. Kisha akapigwa risasi na aliyeufunga. Sijapata kufurahi hivyo na masomo tangu siku ile.

Habari zake nilizipata kwa fundi wa mashine wa jumba la kwanza, mzee wa Malindi aliyejifunza Kiingereza kwa kukaa miaka thelathini akiwasikiliza Wamarekani wakipigana. Mabaharia walimwachia magazeti yao. Siku moja akanionyesha picha ndogo pembeni mwa ukurasa. Sikio lile. Gazeti lilisema kijana huyo alikuwa mwashi, mtoto wa mwashi, akaajiriwa kuanguka badala ya wakubwa. Steringi, shujaa wa sinema, akitakiwa aruke kutoka juu ya treni, yeye ndiye anayeruka, kisha steringi mwenyewe anakuja kujipangusa vumbi mbele ya kamera.

"Sasa wamemwona uso," fundi akasema. "Wanampa maneno. Huyu atakuwa adui."

Akawa adui kweli. Kwanza mkono wa kushoto wa adui, baadaye adui mwenyewe, mwenye suruali ya kubana ambayo vijana wetu wasingethubutu kuivaa, maana mitaani wakati ule ukikutwa na suruali ambayo chupa haipiti ndani yake, inapasuliwa palepale mpaka gotini. Alikufa katika mkanda wa nane, dakika ya mwisho, kwa heshima zote. Sasa ilibaki hatua moja tu. Na kwetu mjini steringi ana sharia yake: hupigwa, hufungwa, huzama, lakini hafi. Steringi hafi. Mtu akikwambia steringi kafa ni kama kakwambia jua limechwea Pongwe, upande wa mashariki. Kwa hiyo siku maiti wangu atakapopata usteringi, ndiyo siku atakayoishi. Nilikuwa nikiisubiri siku hiyo kuliko nilivyosubiri harusi yangu, na harusi yangu niliisubiri sana.

Ikaja. Gazeti la mabaharia lilimtia ukurasa mzima, sikio na pengo lake. Miezi kadhaa baadaye tukaambiwa sinema yenyewe imo njiani na itaonyeshwa Idi. Nikaitangaza mji mzima. Nilisema ana farasi mia, watu wakasikia mia tatu, nami sikuwasahihisha. Nilisema tulikuwa tunaandikiana. Hapo kidogo nilizidisha. Mimi ndiye niliyeandika.

Kabla ya kuonyeshwa, kila sinema ilikaguliwa. Alikuwako Bwana Mkaguzi, mtu mpole mwenye miwani ya kamba, na wenzake wawili, bibi mmoja wa mtaa wa Ng'ambo na mzee aliyekuwa askari. Kiingereza hawakuwa nacho. Mwalimu aliyekuwa akiwatafsiria alikuwa amehamishiwa Pemba wiki ile. Asubuhi, siku nne kabla ya Idi, nikaitwa.

"Wewe una cheti cha Kiingereza?" Bwana Mkaguzi akaniuliza.

"Naam, Bwana. Daraja la kwanza." Lilikuwa la pili.

"Keti hapa katikati. Utueleze kila wanalosema. Usitie chumvi."

Tukakaa wanne katika jumba lenye viti mia saba. Mkanda wa kwanza mpaka wa tano mambo yalikuwa mepesi: jangwa, farasi, bunduki, maiti wangu akiwapiga watu na wanalala. Nikatafsiri kwa raha. Bibi alikuwa anakula kashata. Mkanda wa sita akatokea mzee mwenye ndevu, nguo zimechakaa, amejificha pangoni. Steringi akapiga goti mbele yake. Mzee akasema neno, na lile neno nililijua tangu darasa la kwanza la shule ya jioni.

Alikuwa mfalme. Watu wake wamempindua, wamemtoa katika jumba lake, na maiti wangu ameajiriwa kumrudisha.

Aliyezaliwa baadaye hawezi kujua neno hilo lilikuwa na uzito gani kwetu miaka ile. Aliyekuwa na taji hapa alikuwa ameondoka na meli siku ya Mapinduzi, na taji likaondoka katika vinywa pia. Hata kwenye karata, jirani yangu alikuwa akiitupa ile yenye taji bila kuitaja: "Haya, na huyu." Watu walichukuliwa kwa maneno machache kuliko hayo, wengine wakarudi, wengine tukazowea kutowauliza. Na mimi nimekaa gizani, bega kwa bega na Serikali, nina sinema nzima ya kumrudisha mfalme mdomoni.

"Nani huyu mzee?" Bwana Mkaguzi akauliza.

Nikapima haraka. Nikisema kweli, sinema itarudi Dar, na kabla ya kurudi ataulizwa fundi nani aliyeiagiza. Nami nitaulizwa kwa nini niliitangaza mji mzima. Na maiti wangu, baada ya miaka sita ya kufa, hataishi Unguja hata alasiri moja. Ulimi wangu ukaondoka wenyewe.

"Ni mzee wa kijana, Bwana. Anataka mwanawe aozwe. Wakwe wamekataa, wamelifunga lile jumba kubwa na mwari yumo ndani."

"Wanapigana vita yote hii kwa ajili ya posa?"

"Huko kwao, Bwana, posa ndiyo vita."

"Hata kwetu," bibi akasema, akakung'uta kashata mapajani.

Ikawa siwezi kurudi nyuma. Mkanda wa saba wakavunja lango la jumba. Nikasema ni washenga wanaingia. Mkanda wa nane mfalme akavaa joho, malkia pembeni yake amejifunika shela, mtu wa dini akasoma kitabu, akamvika taji. Mfalme akasema kiti chake kimerudi kwa watu wake na milele hakitaondoka. Nikasema amekubali kumuoa kwa mahari yaliyotajwa.

"Lakini anayeoa hapa naona ni yule mzee," askari mstaafu akasema.

"Kijana kamwachia baba yake, mzee wangu. Mwenyewe anapenda safari."

Bibi alijifuta macho kwa ncha ya kanga. Bwana Mkaguzi akapiga muhuri.

Fundi alikuwa ameyasikia yote kupitia kidirisha cha mashine. Alinisubiri nyuma, jasho limemlowesha shati lake.

"Umewaozesha watu," akaniambia. "Sasa subiri mtoto."

"Fundi, mjini nani anajua Kiingereza akaja sinema siku ya Idi?"

"Mmoja anatosha. Na muhuri ukionekana una uongo chini yake, hawatamuuliza aliyepiga muhuri peke yake. Wataniuliza mimi niliyezungusha mashine. Mimi nina binti watano."

Siku nne zile sikulala, ama nililala huku nimesimama. Kila gari iliyopita barazani nilihisi imekuja kunichukua. Mama aliniuliza kama nina homa.

Idi mosi tukaanza saa tisa. Watu walikuwa wamejaa mpaka vijiani katikati ya viti, wengine wametoka Makunduchi tangu alfajiri. Maiti wangu alipotokea juu ya farasi, jumba zima likasimama kumwamkia. Nilipeleka mkanda wa kwanza, wa pili, wa tatu, nikapita na baiskeli katikati ya watoto wenye nguo mpya na mabofu ya Idi ya kupuliza. Nilipofika jumba la pili na mkanda wa nne, nikakuta gari ya serikali imeegeshwa mlangoni, na Bwana Mkaguzi amesimama pembeni yake na kanzu mpya, anang'aa.

"Leo tumepata mgeni," akaniambia. "Nimemleta Mkubwa wetu mwenyewe, yumo ndani viti vya juu. Nilimwambia kuna sinema ya harusi nzuri sana, ina mafunzo kwa vijana."

"Mkubwa anapenda sinema, Bwana?"

"Alisoma Ulaya miaka saba. Kiingereza huyu anakiota."

Nikaupeleka mkebe kwenye chumba cha mashine. Kutoka pale nilipanda baiskeli kurudi jumba la kwanza. Nikahesabu njiani. Wa nne na wa tano haina neno. Wa sita una mzee pangoni, na lile neno limetajwa mara moja, tena kwa sauti ndogo. Wa saba na wa nane ndiyo iliyo na taji, kiti, joho na kila kitu.

Nikamweleza fundi. Akanipa wa tano. Nikaupeleka. Nikaupeleka wa sita. Niliporudi kuchukua wa saba, aliniambia nisubiri wa nane umalizike, niondoke na yote miwili.

"Huko njiani," akasema bila kunitazama, "baiskeli hukatika mnyororo."

Nikasubiri nje ya mlango. Ndani mfalme alikuwa anavikwa taji. Nilijua kwa sababu nilisikia vigelegele. Wanawake wa viti vya juu, waliosikia kutoka kwangu kwamba hii ni sinema ya harusi, walipiga vigelegele mpaka mbayuwayu wakaruka kutoka darini. Mwingine akaanza kuimba wimbo wa kumtoa mwari, na ukumbi ukaitikia. Mjini Unguja, miaka sita baada ya Mapinduzi, watu mia saba wanamshangilia mfalme anayerudishwa kitini. Kama wangelirudia vilevile kule, mbele ya mtu anayefahamu kila neno linalotoka ukutani, si mimi tu ambaye ningeulizwa.

Nilifunga mikebe kwenye karia, nikatoka. Dakika sita nilizonazo. Nikaingia uchochoro nyuma ya Mkunazini, nikashuka, nikauvua mnyororo kwa mkono. Nikakaa juu ya kibaraza cha nyumba ya watu, mafuta meusi mpaka viwiko, nikawa namwomba Mungu yule Mkubwa achoke kusubiri.

Hakuchoka. Kutoka pale nilisikia jumba la pili likipiga miguu, kwanza kama mvua ya mbali, kisha kama watu wanatwanga. Halafu nikasikia honi. Gari ya serikali ikasimama mdomo wa uchochoro, na dereva, mtu mnene mwenye kofia ya Idi, akatoa kichwa.

"Wewe ndiye wa mabati?"

"Baiskeli imeharibika, kaka."

"Nimeona. Mkubwa anataka kuona mwisho. Panda nyuma."

Nikapanda nyuma na mikebe yangu. Gari ilikuwa wazi, bila ya turubai. Kutoka pale mpaka mlangoni ni mwendo wa kunywa kikombe kimoja cha kahawa. Dereva alikuwa ananihadithia sinema, kwa sababu yeye alikuwa ameiona mpaka wa sita. Nikakizungusha kifuniko cha mkebe wa nane. Kilikuwa kigumu, kikanikata kidole. Nikaushika ule mkanda kwa ncha, na ilikuwa kama nimeshika nyoka wa mtu mwingine, maana miaka yote ile sikupata kuutoa mkanda hata mmoja katika mkebe wake; fundi alitufundisha usiuguse hata kwa nguo. Nikautupa nje.

Ukapepea. Kisha upepo ukauvuta na ukaanza kutoka wenyewe, mweusi, unametameta, nyuma ya gari ya serikali mpaka Darajani. Watoto wa Idi wakauona. Wakayatupa mabofu, wakaukimbilia, mmoja ameushika, wawili, ishirini, nasema hata hamsini, wamejipanga kama wanaovuta kamba. Nikafungua na wa saba, nikausukuma kwa mguu.

Dereva aliniona katika kioo. Nilimwona akiniona. Akaacha kuhadithia, akatazama mbele, akaongeza mwendo.

Tulipofika, mlango wa jumba ulikuwa umefunguliwa na watu wametoka nje kwa hasira, na waliotoka jumba la kwanza nao wamekuja kuuliza kelele za nini. Dereva akashuka, akasema kwa sauti ya kawaida, "Mikebe mibovu. Imefunguka yenyewe kwenye shimo." Sikupata kumwuliza kwa nini. Bwana Mkaguzi alikuwa akiiangalia ile mikebe mitupu kama mtu aliyefungua sufuria ya pilau akakuta maji.

Kisha watu wakapisha, na Mkubwa akaja. Alikuwa mfupi kuliko nilivyotarajia, suti ya kijivu, mikono nyuma. Akanitazama tangu mafuta ya mikononi mpaka damu ya kidole.

"Mwisho ulikuwaje?" akaniuliza.

"Mkubwa?"

"Wewe ndiye uliyetafsiri, nimeambiwa. Nimesikia katika mkanda wa mwisho ulioonyeshwa wakitaja mfalme. Mara moja, lakini nimesikia. Huyu bwana aliniambia ni sinema ya harusi." Hakumtazama Bwana Mkaguzi, na Bwana Mkaguzi alikuwa anatazama viatu vyake. "Kwa hiyo nataka kujua. Yule anayempigania mfalme, mwisho wake ulikuwaje?"

Watu wakasogea. Walitaka kujua nao. Walikuwa wamenyimwa mikanda miwili. Nilimwona fundi amefika, amesimama nyuma kabisa, mkono juu ya mdomo.

Jibu lililokuwa salama lilikuwa moja tu, nami sikulitaka. Nilitazama ile picha kubwa iliyochorwa juu ya mlango, mtu wangu juu ya farasi, sikio wamelichora kinyume upande wa kulia. Miaka sita.

"Alikufa, Mkubwa," nikasema.

Kundi likanung'unika. Mtu akasema, "Muongo. Steringi hafi."

"Alikufa," nikasema kwa sauti zaidi. "Na mfalme naye akafa. Watu wenyewe ndio waliowaua. Waliwazunguka langoni, na huyu bwana akapiga goti, akaomba radhi kwa kumpigania dhalimu, lakini walikuwa wameshachoka. Walimpiga kwa majembe. Alikufa polepole, ameshika ukuta. Nimelia mwenyewe."

"Huyu ana wazimu," mwanamke mmoja wa kundi la jumba la kwanza akasema, bibi mwenye buibui na kipepeo cha ukindu. "Sisi tumetoka kule sasa hivi. Kulikuwa na harusi. Tumepiga vigelegele mpaka mimi koo limekauka."

Mkubwa akageuka kwake. "Harusi ya nani, Bi?"

Hapo nilisikia moyo wangu umesimama kungoja kama wengine.

"Harusi," bibi akasema. "Bwana harusi mzee mzee hivi, na bibi harusi na shela. Kavikwa kilemba."

"Ya mtu mwengine, Mkubwa," nikasema, na nilizungumza mbio kama baiskeli. "Ya mmoja katika wale wakulima. Baada ya kumuua mfalme wakamchagua mzee wao, wakamwoza palepale, siku moja furaha mbili. Wengi hawakukiona kifo kwa sababu ya kusimama. Mbele yao watu walisimama."

"Kweli walisimama," askari mmoja aliyekuja na wale wa jumba la kwanza akasema. Mungu amlipe.

Mkubwa alinitazama. Sijui alichokiona. Mtu aliyekaa Ulaya miaka saba na akakaa katika Serikali ile, ninaamini alikuwa anajua uongo kwa harufu yake. Mwisho akatoa mikono nyuma, akachukua leso, akanipa.

"Funga kidole," akasema. "Na mtu anayempigania mfalme, mwisho wake lazima uwe huo. Waliotengeneza sinema hii wamefahamu."

"Naam, Mkubwa."

Akapanda gari. Dereva akawasha. Hawakurudi.

Kundi lililobaki lilikuwa langu peke yangu. Hawakunipiga, lakini ingelikuwa afadhali. Wazee wa baraza, watoto wa mtaa, watu waliotoka Makunduchi tangu alfajiri, wote waliniuliza kitu kimoja: miaka yote ile nimewaambia siku atakapopata usteringi ataishi, na sasa mimi mwenyewe nimesimama mbele ya halaiki kutangaza kwamba amekufa. Hata wa jumba la kwanza wakaanza kuyashuku macho yao. Wengine walisema sikuwa nimemfahamu tangu mwanzo. Mmoja alisema nilimwonea wivu. Picha yake wakaishusha jioni ileile, na sinema yake iliyofuata, miezi mingi baadaye, ilionyeshwa kwa viti mia tatu vitupu, kwa sababu watu hawatoi kiingilio cha kwenda kumwona steringi anayekufa. Marekani alikuwa amefika juu kabisa, gazeti lilisema hawezi kutembea barabarani bila kuzongwa. Unguja nilikuwa nimemmaliza mimi.

Kabla ya maghrib, fundi, mimi na Bwana Mkaguzi tulikuwa chumba cha mashine tunaikunja mikanda. Tulikuwa tumewazungukia watoto kuwaomba vipande, na wao wakavitoa kwa shida. Fundi alipangusa mchanga kwa pamba, mimi nikazungusha gurudumu, Bwana Mkaguzi amekunja mikono ya kanzu mpya na ameshika mkanda kwa ncha za vidole. Kila baada ya pima moja alikuwa anauinua mbele ya taa kuangalia kama umechanika.

Akafika pahala akasimama. Aliuinua karibu na miwani. Katika kidirisha kimoja cha mkanda, juu ya kidole chake gumba, mtu mdogo wa ukubwa wa punje ya mchele alikuwa anavikwa taji, na wa pili amepiga goti. Alitazama kidirisha kile, kisha kilichofuata, kisha kilichofuata. Fundi aliacha kupangusa.

"Meli ya Dar inaondoka lini?" Bwana Mkaguzi akauliza.

"Kesho saa nne," fundi akasema.

"Ipakieni hii usiku huu. Mimi mwenyewe nitakuja bandarini kuona imeingia."

Akaushusha mkanda, akaupitisha kwangu taratibu, nami nikazungusha gurudumu mpaka ukaisha.